Jioni Mama Alipoisikia Gemu Ikisali

Mama hakuwa na neno zuri kwa gemu. Kwake zilikuwa kelele za bunduki na kijana aliyekodoa macho usiku kucha. Hakukataza, ila kila akipita nyuma ya kiti changu alikuwa akiguna, na mguno wake niliuelewa kuliko hotuba.

Mwaka 2007, nikiwa likizo, rafiki aliniazima diski ya Civilization IV, iliyokuwa imetoka mwaka 2005. Matoleo ya nyuma nilikuwa nimeshayacheza. Ni mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991: unapewa kikundi cha watu wasio na makao, miaka 4000 kabla ya Kristo, na usipoangamizwa njiani unawafikisha enzi za roketi. Kwa hiyo nilidhani najua kinachonisubiri. Gemu ikamaliza kujipakia, menyu ikafunguka, dunia ikawa inazunguka taratibu kwenye kioo, na spika zikatoa Sala ya Bwana. Kwa Kiswahili. Kwaya nzima, mmoja anaita na wenzake wanaitikia, ngoma zikipanda chini yao.

Niliduwaa. Nilizoea Kiswahili kiwe lugha ya nyumbani, ya ibada na ya taarifa ya habari. Kwenye gemu sikuwa nimewahi kukisikia, achilia mbali kiwe ndicho cha kwanza kumpokea mchezaji, awe wa Japani au wa Brazili.

Mama alikuwa chumba cha pili akipiga pasi. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, tangu kabla sijazaliwa. Nikamwona mlangoni, shati langu bado liko mkononi mwake.

"Hiyo kwaya ya wapi?"

"Si kwaya, mama. Ni gemu."

"Gemu inasali?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nisiguse kitu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Raha ya menyu ile ni kwamba wimbo ukiisha unaanza upya wenyewe, basi tukauacha. Mara ya kwanza alisikiliza tu, kidole kikipiga mapigo juu ya goti. Uliporudi, alikuwa ameshaikamata sauti ya pili na kuimba nao, kwa sauti ya chini kama afanyavyo mazoezini kabla mwalimu hajampa ruhusa. Walipofika kwenye kuomba chakula walipishana: yeye aliimba "riziki yetu" kama alivyofundishwa utotoni, wao wakaimba "chakula chetu tunachohitaji". Akacheka, akatikisa kichwa, na uliporudi tena akawafuata wao.

"Hawa si wazawa wa lugha," alisema, "lakini kuna anayejua aliyewafundisha, na wamemsikiliza."

Sikio lake halikumdanganya. Baadaye nilisoma kwamba waliorekodi ule wimbo wa kwenye gemu ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wanaoimba bila ala. Mtunzi, Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina, aliwahi kuishi chumba kimoja na Soren Johnson walipokuwa wakisoma hapo, na Johnson ndiye aliyekuja kuwa mbunifu mkuu wa Civilization IV. Mtu alimkumbuka mwenzake wa chuo, na kwa sababu hiyo mama yangu akaacha kupiga pasi.

Watu wakizungumzia gemu na utamaduni hukimbilia vinavyoonekana: filamu ya Mario ya mwaka 1993, fulana, katuni. Mimi naona muziki umefika mbali zaidi, kwa kuwa wimbo hauhitaji mashine ukishaingia kichwani. Watu wangapi wanaimba kwa mluzi ule muziki wa Tetris wa Game Boy ya mwaka 1989 bila kujua kwamba ni Korobeiniki, wimbo wa zamani wa Warusi? Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, tarehe 23 Julai 2021, wanamichezo wa mataifa yote waliingia uwanjani wakisindikizwa na muziki wa gemu za Kijapani, ukianza na ule wa Dragon Quest. Nilipouona msafara ule sikushangaa hata kidogo. Yangu nilikuwa nimeshayaona chumbani.

Maana mama hakuondoka wimbo ulipokwisha kumkolea. Alitaka aone kinachofuata. Nikaanza mchezo mpya, wakatokea wale walowezi wangu wamesimama porini na hawana hata nyumba moja, na kabla sijabofya popote akasema mji ujengwe kando ya mto, hao watu watakunywa nini? Ilikuwa sahihi hata kwa kanuni za gemu, kwani mji ulio kando ya mto una maji safi na afya ya watu wake huwa bora. Nilimwonyesha kwamba toleo lile ndilo la kwanza katika mfululizo kuingiza dini, saba kwa jumla, Ukristo na Uislamu zikiwemo, na kwamba dini huenea kutoka mji hadi mji. Hilo lilimgusa kuliko nilivyotarajia. Aliuliza kama zinapigana. Nikamwambia inategemea anayecheza. "Basi wewe usipiganishe," akasema, na alikuwa hatanii.

Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya wimbo ule pamoja na Soweto Gospel Choir, ukawa wa kwanza kwenye albamu yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 kwa lugha 12. Tarehe 13 Februari 2011 ukashinda Grammy ya mpangilio wa ala unaomsindikiza mwimbaji. Hakuna muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu uliokuwa umewahi kushinda tuzo hiyo kabla yake.

Nilimpigia mama simu siku hiyohiyo. Nilianza kumweleza Grammy ni kitu gani, akanikatiza. Hilo alikuwa analijua. Alichotaka ni noti.

"Zitafute uniletee," alisema. "Sauti ya pili ninayo. Ya tatu ndiyo sikuikamata vizuri siku ile, na mwalimu wetu hatakubali tuimbe bila ya tatu."