Chai ikigeuka strungi ofisini: hesabu za kufanya kabla barua haijafika

Dalili ya kwanza huwa si barua. Ni chai ya saa nne. Maziwa yanapungua, halafu yanakwisha kabisa, na asubuhi moja birika linaletwa na strungi tupu na hakuna anayeuliza. Kisha dereva akienda likizo haletwi wa kumshikia, gari linalala gereji wiki tatu, na mkutano wa Jumatatu unaahirishwa kila Jumatatu. Kwa ofisi za Kisumu na Nakuru, ambazo nyingi ni matawi tu ya Nairobi, kuna dalili moja zaidi: meneja anaanza kuitwa makao makuu kila wiki na akirudi hasemi alichoitiwa.

Kuanzia hapo kila mtu ana kazi mbili, ile anayolipwa na ile ya kubashiri. Ya pili ndiyo inayochosha. Linafunguliwa kundi la WhatsApp ambalo wakubwa hawamo, na saa tano usiku mtu anaandika "nasikia wanaanza na watu wa akaunti." Watu ishirini hawalali. Lisemwalo lipo, ndiyo, lakini kwenye fununu za aina hii kinachokuwepo ni mpango wenyewe. Idadi, tarehe na majina huwa ya kukisia, maana mwenye orodha hayumo kwenye kundi hilo.

Hofu ya huku kwetu haikutoka hewani. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa 2009. Kampuni ya sukari ya Mumias ikawekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wanaoidai. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wa miradi ya VVU kandokando ya ziwa walijikuta nyumbani na mikataba mkononi. Mei mwaka huo huo viwanda vinne vya sukari vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Ni vigumu kupata nyumba Kakamega au Ahero isiyo na mtu anayekumbuka siku ambayo mshahara ulikoma.

Huwezi kujua kama jina lako limo. Hilo halina dawa, na anayekuambia "usijali" anakupotezea muda. Lakini mengi yanayowakesha watu yameandikwa tayari, na unaweza kuyapigia hesabu jioni moja ukiwa na kalamu, mkataba wako na hati tatu za mshahara.

Anza na sheria. Kupunguzwa kazi si kufutwa kwa kosa. Kunaongozwa na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, na mwajiri ana hatua za kufuata. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama hicho na afisa wa leba wa eneo lenu wanapaswa kuarifiwa sababu na ukubwa wa upunguzaji, angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuwaachisha. Kama huna chama, barua inakuja kwako wewe binafsi, na afisa wa leba anaarifiwa vilevile. Mahakama zetu zimesisitiza kwamba mwezi huo ni wa mashauriano, haukuwekwa kwa ajili ya kuagana. Utumie. Andika barua pepe fupi uulize mambo matatu: kwa nini ni nafasi yangu, vigezo gani vilitumika kunichagua, na kuna nafasi gani nyingine ninayoweza kuhamishiwa, hata kama iko tawi la Eldoret. Jibu likija, limewekwa kwenye rekodi. Lisipokuja, ukimya huo nao umewekwa.

Kuhusu vigezo, wengi wanaamini kwamba aliyeingia mwisho ndiye hutoka kwanza. Si hivyo moja kwa moja. Sheria inataja muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mfanyakazi. Aliye na miaka mitatu anaweza kubaki na mwenye kumi akaenda, mradi kampuni ionyeshe ilivyowapima. Isipoweza kuonyesha, hapo ndipo waajiri wengi hushindwa kesi.

Sasa pesa. Chukua mtu wa ghala pale Industrial Area ya Nakuru, mshahara wa msingi shilingi 42,000, amefanya kazi miaka 7 na miezi 10, na ana siku 9 za likizo ambazo hakwenda. Anadai vitu vinne. Malipo ya siku alizofanya mwezi huo. Notisi ya mwezi mmoja, au 42,000 badala yake. Siku zake 9 za likizo kwa fedha taslimu. Na fidia ya kupunguzwa, isiyopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Neno "uliokamilika" linauma: ile miezi 10 haihesabiwi, labda mkataba wenu au makubaliano ya chama yaseme vingine. Ukigawanya mshahara kwa 30, siku moja ni 1,400, na fidia ya miaka 7 ni 147,000. Ukigawanya kwa 26, yaani siku za kazi, siku moja ni 1,615 na senti, na fidia inafika 169,615. Tofauti ni zaidi ya 22,000 kwa mtu yuleyule. Uliza wanatumia kigawanyo gani na kwa nini, na uulize mapema, kabla hundi haijaandikwa.

Kwa hesabu ya 30, bila siku za mwezi wa mwisho, mtu huyu anafika 201,600. Asianze kuzipangia zote. Zinakatwa kodi, na anachodaiwa na kampuni kinatolewa humo humo. Aombe mchanganuo ulioandikwa, mstari kwa mstari.

Hapa kuna mtego mmoja ambao hurudi kila mwaka. Ofisi inasema: "Wewe ulikuwa ukichangia NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, kwa hiyo hustahili fidia." Wanachanganya vitu viwili. Malipo ya utumishi ya kifungu cha 35 ndiyo ambayo mwanachama wa NSSF hapati. Fidia ya kifungu cha 40 ni nyingine na iko palepale. Na NSSF yenyewe usiitie kwenye bajeti ya miezi sita ijayo: ni ya umri wa miaka 60, au kuanzia 50 kwa aliyestaafu mapema. Unachopaswa kufanya sasa ni kutazama taarifa ya akaunti yako uone kama makato yote yalifika. Pengo la miezi minne ni rahisi kufuatilia wakati mhasibu aliyelisababisha bado ana kiti ofisini.

Bima ya matibabu ya kampuni kwa kawaida hukoma siku yako ya mwisho au mwisho wa mwezi huo. Miwani, jino linalosumbua, vipimo vya mtoto: fanya wakati kadi inasoma. Ukiwa kwenye mshahara, SHA, yaani bima ya afya ya serikali, hukata asilimia 2.75 kila mwezi bila wewe kufikiria. Ukitoka, unapimwa kipato kupitia *147# au tovuti yao na mchango unakuwa wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo, na wengi hupimwa juu ya hapo. Tenga hizo kwanza kabla ya kodi ya nyumba.

Mikopo ndiyo inayovunja watu, kuliko kukosa mshahara kwenyewe. Tafuta mkataba wa mkopo wa benki na usome sehemu ya bima. Mikopo mingi inayokatwa kwenye mshahara ina bima inayolipa awamu kadhaa endapo umepunguzwa kazi. Lakini bima hiyo kwa kawaida hudai uwe umeachishwa bila hiari yako. Ukikubali kuandika barua ya kujiuzulu "ili rekodi yako ibaki safi", au ukiomba kustaafu mapema kwa hiari, huenda umeiua kwa sahihi yako mwenyewe. Rekodi haichafuliwi na kupunguzwa. Cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukupa, kinataja kazi uliyofanya na tarehe zake.

Sacco, chama cha akiba na mikopo, ni habari nyingine, na sijui kwa nini haizungumzwi zaidi, maana ndiyo inayoharibu urafiki kazini. Mkopo wa Sacco unadhaminiwa na watu, na watu hao ni akina nani? Ni wenzako wa meza ya pili. Wewe umemdhamini Otieno, Otieno amemdhamini Wanjiku, Wanjiku amekudhamini wewe. Mmoja akipunguzwa, akiba yake inalipa mkopo kwanza; ikipungua, wadhamini wanaanza kukatwa mishahara ambayo nao hawana uhakika nayo. Ndiyo maana utaona watu waliokuwa wakichangiana nauli wameanza kukwepana kwenye ngazi. Omba Sacco orodha ya mikopo uliyodhamini na salio la kila mmoja. Mwenye mkopo uliobaki 30,000 na akiba ya 90,000 hakutishi. Wa mkopo wa 400,000 na akiba ya 130,000 ongea naye leo, kwa upole, mkae pamoja mwone kama anaweza kuupunguza au kuongeza mdhamini. Usikimbilie kujitoa uanachama: kwa kawaida notisi ni siku 60, na haitolewi akiba inayodhamini mkopo wa mtu mwingine.

Mikopo ya simu, Fuliza na wenzake, ilipe kabla ya siku ya malipo ya mwisho. Inakata yenyewe pesa ikiingia, na utashangaa bajeti yako imeliwa kabla hujafungua ujumbe.

Wakati mwingine kampuni haipunguzi watu, inawaambia wachukue likizo bila malipo "hadi hali itengemae". Hilo ni badiliko la mkataba na linahitaji ridhaa yako. Ukikubali, liwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na sentensi inayosema miaka yako ya utumishi inaendelea kuhesabiwa. Likizo isiyo na tarehe ya kuisha ni kuachishwa bila fidia.

Siku ya barua yenyewe, utapewa pia karatasi ya kusema umepokea haki zako zote na huna dai lingine. Usiisaini hapo hapo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, ilinganishe na hesabu yako. Kama lazima upokee pesa kwanza, andika kwa mkono kando ya sahihi: "Nimepokea bila kuathiri haki zangu." Kuna kesi zilizokufa kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Neno kwa mameneja, maana wengi wenu nanyi mmo kwenye orodha. Ukimya hauwatulizi watu. Kinachotuliza ni tarehe. Kusema "sina jibu, lakini Alhamisi tarehe 14 saa nane nitawaambia, hata kama jibu ni kwamba bado" kunapunguza makisio kuliko hotuba ya nusu saa kuhusu familia yetu kubwa ya kampuni. Na kateni mara moja. Kampuni inayotoa watu wanne Machi, sita Juni na watatu Septemba inapoteza zaidi ya hao kumi na watatu, kwa sababu baada ya awamu ya pili wenye ujuzi unaouzika huanza kuomba kazi kwingine, na hao ndio mliotaka wabaki. Utawajua kwa siku moja moja za likizo, katikati ya wiki, na shati lililopigwa pasi vizuri.

Wanaobaki hawafurahi kama inavyodhaniwa. Mwenzako akinyolewa tia maji, na wao wanakaa na kichwa kilicholowa miezi mingi. Makosa madogo huongezeka: ankara inaenda mara mbili, oda ya mteja wa Busia inapelekwa Bungoma. Watu huacha kuripoti hitilafu ndogo, kwa kuogopa kuonekana wao ndio hitilafu. Sababu kubwa ni kazi za walioondoka kugawanywa kimya kimya. Kabla mtu hajaondoka, kaa naye saa mbili muandike kila anachofanya kwa wiki, kisha mbele ya kila kitu andika: inaendelea, au inakoma, na kama inaendelea, ni ya nani. Kama hakuna hata kimoja kilichoandikwa "inakoma", hamjapunguza kazi, mmepunguza watu tu, na anayebaki atalijua hilo kabla ya wiki kuisha. Na tafadhali, msiwapeleke walobaki Naivasha kuvuta kamba na kupiga picha wakati waliotoka hawajalipwa. Wote wako kwenye kundi lile la WhatsApp.

Mambo yakienda kombo, mlango wa kwanza ni ofisi ya leba ya eneo lako. Huduma ni bure na huhitaji wakili. Beba mkataba, barua zote, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, taarifa ya NSSF, na hesabu yako kwenye ukurasa mmoja. Ikishindikana kwa mazungumzo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Kisumu, Nakuru, Kericho, Eldoret na Bungoma. Kwa aliyekuwa akipata mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kwenda kwa hakimu aliyeidhinishwa. Ikithibitika uliachishwa isivyo haki, korti inaweza kuamuru hadi mishahara ya miezi 12. Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ulipoachishwa, na mazungumzo yenu na kampuni, hata yakiwa matamu namna gani, hayaisimamishi saa hiyo.