Igombe hadi Kayenze kwa Miguu, Ramani Mkononi na GPS Kiunoni

Tuliteremka kwenye daladala pale Igombe, Mwanza, jua likiwa halijapata makali, mimi na mdogo wangu, kila mmoja na begi dogo mgongoni. Mpango ulikuwa kuufuata ufuko wa Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, kuelekea mashariki mpaka Kayenze, ziwa mkono wa kushoto, vilima vya mawe mkono wa kulia. Barabara ya magari ipo, na bodaboda zimejaa. Sisi tulitaka kupita kule ambako barabara haipiti, mwalo hadi mwalo.

"Kaka, kwani simu haitoshi?" mdogo wangu aliuliza nilipokuwa naikunja ramani.

Nikamfungulia simu aone mwenyewe. Barabara ilionekana, na ziwa la buluu, na katikati yake weupe mtupu. Kisha nikamwonyesha eneo lilelile kwenye karatasi ya 1:50,000, zile ramani za Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Pale penye weupe kwenye simu, karatasi ilikuwa na kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zinazobanana kwenye miteremko, vijito, vinamasi na njia za miguu. Kwenye kipimo hicho sentimita 2 ni kilomita 1, kwa hiyo safari yetu yote ya asubuhi ilikaa kwenye kipande kidogo tu cha karatasi, na bado ungeweza kunyoosha kidole ukasema: hapa tutapanda, hapa tutazunguka.

Ramani naiweka kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, nimeikunja ili upande wa siku hiyo uwe juu. Kalamu yangu ni ya risasi, kwa sababu wino ukikutana na jasho na maji ya ziwa unatapakaa. GPS yangu, kifaa cha mkononi kinachosoma mahali ulipo kutoka kwenye satelaiti, ni Garmin eTrex, inakula betri mbili ndogo za kawaida, zile zile za redio, na jozi ya akiba iko mfukoni. Siiachi ikiwaka saa zote. Naiwasha ninapokuwa na swali, na swali lenyewe ni moja: niko wapi kwenye karatasi hii?

Lakini kabla hujaiuliza, hakikisha inaongea lugha ya karatasi yako. Hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote, na kila ninayetembea naye namwonyesha kwa macho yake. Ramani zetu za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960; datamu ni ule msingi ambao namba zote za mahali kwenye ramani zinahesabiwa kutoka kwake. Chimbuko lake ni ule upimaji mrefu wa mstari wa longitudo 30 ambao David Gill, mwanaastronomia wa Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, aliupendekeza mwaka 1879 ili uvuke bara zima kuelekea Misri. GPS ikitoka dukani inatumia datamu nyingine, WGS84. Mahali ni palepale, jiwe ni lilelile, ila namba ni tofauti.

Tukasimama kwenye mwalo wa Igombe, mitumbwi ikishusha dagaa. Nikamwambia mdogo wangu apime kutoka kwenye karatasi namba za rasi ndogo ya mawe iliyokuwa mbele yetu. Alitumia kipande cha plastiki chenye miraba: namba ya mashariki kwanza, ya kaskazini baadaye, akikadiria mita 100 kwa kila milimita 2. Akaziingiza kwenye GPS ikiwa kwenye WGS84, kanda ya 36M ya UTM, ule mfumo wa gridi unaoigawa dunia kwa kanda na kupima mahali kwa mita. Mshale ukaelekea majini. Rasi ilikuwa inaonekana wazi kabisa, mawe yake meusi yana ndege juu, na mshale ukawa unatuelekeza kwenye maji ya wazi nje ya rasi ile. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha datamu kuwa Arc 1960, tukaziandika namba zilezile upya. Mshale ukarudi kwenye mawe.

Tofauti hiyo huku kwetu ni takriban mita 300 kaskazini-kusini, na chini ya mita 100 mashariki-magharibi. Kwenye karatasi ni milimita 6 tu, unene wa kidole haufiki. Ardhini, mita 300 zinatosha kukuweka upande usio sahihi wa kijito. Zamani Marekani ilikuwa inaupunguza makusudi ubora wa mawimbi ya GPS kwa raia, na kosa lilifika mita 100. Wakaacha Mei 2000. Leo ukiwa mahali pa wazi kifaa cha mkononi kinakupa mita 3 hadi 5. Sasa kifaa kina usahihi wa mita 5, halafu datamu ikupotoshe mita 300! Inaniuma kuona watu wanailaumu ramani, wanasema ni ya kizamani haifai, wakati hawajagusa mpangilio mmoja tu.

Uzuri mwingine wa Mwanza ni huu: longitudo 33, ambayo ndiyo mhimili wa kanda ya 36 ya UTM, inapita jirani tu na jiji, upande wa mashariki. Mistari ya gridi kwenye ramani za huku karibu inalingana na kaskazini ya kweli, kwa hiyo hesabu moja ya kusahihisha dira unaisahau kabisa.

Kabla ya kuondoka niliweka pia kimo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kifaa changu kina kipimahewa, kinachosoma kimo kwa kanieneo ya hewa. Ukiwa ufukoni unakiambia uko kimo gani, halafu ukipanda kilima unasoma kimo na kutafuta kontua inayolingana nacho. Ziwa linakuwa alama yako ya kuanzia, na hakuna anayelihamisha usiku.

Mwendo wenyewe ulikuwa mzuri. Mawe ya huku unayajua hata kama hujafika, maana Jiwe la Bismarck, lile la majini pale Mwanza mjini, limeshapigwa picha za kutosha. Lakini lile ni moja, huku yako mamia, yamebebana, jiwe la ukubwa wa nyumba limekalia lingine kwa ncha. Mijusi vichwa vyekundu wanapiga pushapu juani. Michirizi myeupe inayoshuka kwenye mwamba ni mikojo ya pimbi, ya miaka na miaka. Katikati ya mawe makubwa namna hiyo GPS inababaika. Anga inabaki kipande, satelaiti zinapungua, na mawimbi yanagonga miamba kabla ya kufika kwenye kifaa. Nafasi ikawa inaruka huku tumesimama. Hapo dawa ni kukizima kifaa na kusoma ardhi: kilima kile chenye vichwa viwili ndicho hiki, bonde hili ndilo lile, basi njia iko kulia.

Mbele tukakuta ghuba nyembamba imejaa mafunjo na matete. Mshale wa GPS ulikata moja kwa moja katikati, kwa sababu mshale unajua pointi mbili tu na umbali wake. Karatasi ndiyo iliyotuonyesha alama za kinamasi na mahali kinapoishia. Tukazunguka kwa kufuata kontua moja, bila kupanda wala kushuka, tukapita kwenye mashamba ya mihogo na viazi. Kwenye matete ya huku kuna viboko, hivyo kila tulipotaka kusogea karibu na maji tulimuuliza mwenyeji kwanza.

Upande wa pili wa kinamasi ndipo palikuwa na jambo lililonifurahisha kuliko yote. Anga ya wazi, satelaiti za kutosha, datamu sahihi. Nikasoma namba, nikaweka alama kwenye karatasi, na alama ikaangukia nchi kavu, ndani kabisa ya ufuko. Mbele ya viatu vyetu palikuwa na maji na matete.

Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwangaluka," akatusalimu kwa Kisukuma.

Nikamwekea ramani mapajani. Aliitazama kwa utulivu, akauliza ziwa liko upande gani, akaizungusha yeye mwenyewe mpaka ikalingana na ziwa. Kisha akaweka kidole kwenye alama yangu. "Hapa palikuwa shamba la mihogo la baba yangu mdogo. Maji ya mwaka 2020 yakalichukua. Yakarudi kidogo, halafu 2024 yakaja tena, makubwa zaidi."

Kweli, miaka hiyo miwili ziwa lilipanda kuliko rekodi zote za nyuma, hata ile ya mwaka 1964, baada ya mvua za mwanzoni mwa miaka ya sitini zilizoliinua kwa zaidi ya mita 2. Ufuko wa mawe hauonyeshi mabadiliko hayo, ila ufuko tambarare kama ule, maji yakipanda mita moja yanaingia ndani hatua nyingi sana. Na kama tungekuwa kwenye WGS84 nisingelijua hilo. Alama ingeangukia mahali pengine, ningesema ni makosa ya kawaida, nikapita. Nilipokuwa na uhakika na kifaa ndipo nilipoweza kuamini tofauti niliyoiona, na mzee akanipa sababu yake.

Tulikaa naye muda mrefu. Alitutajia jina la kila rasi na kila mwalo tutakaopita, na mdogo wangu akayaandika yote kwa kalamu ya risasi pembeni ya karatasi, kila jina na namba zake za gridi. Mengi hayamo kwenye ramani iliyochapwa.

Kayenze tuliingia mchana. Akina mama walikuwa wanageuza dagaa juu ya vichanja vya nyavu. Dagaa wa kichanja hawana mchanga, na bei yao iko juu kuliko wa kuanikwa chini. Tukala sato na ugali wa muhogo. Vijana wa bodaboda wakaizunguka meza yetu, kila mmoja anatafuta kwao kwenye karatasi, na mmoja akachora barabara mpya ambayo ramani haina. Kipande cha kutoka Kayenze hadi Nyanguge tumekipanga kiangazi kikianza. Mdogo wangu ameshapima pointi za kwanza, na GPS anataka aibebe yeye.