Chungu cha Ajono na Chupa za Binamu

Shangazi yangu, aliyeolewa na Mteso na kuishi Tororo hadi leo, alikuwa na sifa, iliyofika mpaka Malaba, ya kupika ajono, bia ya ulezi ya Wateso. Ndiyo maana binamu yangu, mwanawe wa pili, aliporudi kutoka Ujerumani alikosomea utengenezaji wa bia, alisisitiza kwamba chupa alizobeba zifunguliwe nyumbani kwa mama yake, tena kwa chakula cha kwao.

Ilikuwa baada ya mavuno ya ulezi. Shangazi alikuwa ameanza kazi siku nyingi kabla: unga uliloweshwa na kufunikwa uchachuke, ukakaangwa juu ya bati pana hadi ukawa wa kahawia, ukaanikwa juani, na mwishowe ukatiwa maji pamoja na kimea cha ulezi uliooteshwa. Kule kuchachuka kwa kwanza huipa ajono ukali wake, na kule kukaangwa huipa harufu yake ya kuungua kidogo.

Tulianza na sato wa kukaanga, ngozi yake kavu na yenye chumvi. Binamu alifungua pilsna baridi, aina ya bia nyepesi iliyoanzia mji wa Plzeň, katika Ucheki ya leo, mwaka 1842 na ambayo imezaa sehemu kubwa ya laga, yaani bia za rangi ya dhahabu, zinazonywewa duniani, hata zetu za hapa Uganda. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia, na gesi yake viliyaondoa mafuta ulimini, na kila tonge likawa na utamu wa lile la kwanza. Sijaona bia ipatanayo zaidi na samaki wa kukaanga kuliko hiyo.

Ilipoletwa nyama ya mbuzi kutoka kwenye makaa, alifungua stauti, bia nyeusi, na hapo akakataa kabisa barafu. Katika baa zetu mhudumu hukuuliza kwanza kama unataka ya baridi au ya moto, na wengi hulijibu swali hilo kwa mazoea tu, lakini ubaridi mkali huifisha ladha ya shayiri iliyochomwa, ambayo ndiyo uhai wa bia nyeusi. Ikiwa na ubaridi mdogo tu, ilikutana na kingo za nyama zilizoungua kama ndugu wawili waliopotezana.

Bia ya ngano ilimshangaza shangazi zaidi. Aliinusa, akauliza, "Mmetia ndizi humu?"

"Hapana, mama. Ni chachu peke yake."

Ni kweli: chachu inayotumiwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kwa bia hiyo huzalisha yenyewe harufu ya ndizi mbivu. Shangazi, ambaye anaijua vizuri tonto, pombe yetu ya ndizi, aliagiza matoke ili aonje pamoja, lakini kwa maoni yangu laini juu ya laini haikusaidia kitu.

Kisha zikaja mboga za kunde zilizoungwa kwa karanga na simsim, pamoja na atap, yaani ugali wa ulezi. Hapo chupa zote zilishindwa. Pilsna ikawa uchungu mtupu, na stauti ikaongeza uzito juu ya uzito. Shangazi alimimina maji ya moto chunguni, akatugawia mirija mirefu yenye vichujio vilivyosukwa. Uchachu wa ajono uliupasua uzito wa karanga, joto lake likayazuia mafuta yasigande kinywani, na harufu yake ya kukaangwa ikaungana na ulezi uliokuwa tayari katika ugali.

Binamu aliiweka chupa chini, akavuta mrija kwa muda mrefu, kisha akatoa daftari na kuanza kumhoji mama yake kama fundi anavyomhoji fundi mwenzake: moto uwe mkali kiasi gani, unga ugeuzwe mara ngapi, utajuaje kwamba umeiva? Shangazi alisugua vidole hewani. "Uache kushikana mkononi," alisema, "na harufu ikufikie ukiwa mlangoni. Ukisubiri zaidi ya hapo, utakunywa majivu."