Alijuaje?

Juzi binti yangu kaja jikoni na riwaya ya Rosa Mistika mkononi, kidole kakibana katikati ya kurasa asipoteze alipofikia, ananiuliza, "Mama, kumbe aliyeandika hiki ni mwanaume? Sasa alijuaje?" Nikabaki nakoroga mchuzi ambao wala haukuhitaji kukorogwa.

Maana swali hilo hilo lilinipata mimi kidato cha pili. Kitabu nimeazimwa usiku mmoja tu, kina foleni bweni zima, si unajua kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Nikaingia nacho ndani ya chandarua na tochi ambayo betri zake nilizianika juani mchana kutwa. Nikafika pale Zakaria anampiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana. Nikazima tochi. Nikalala chali gizani moyo unanidunda, nawaza nani kamsimulia huyu mtu mambo ya kwetu.

Likizo iliyopita baba alikuta barua kwenye daftari langu la hesabu. Hakunipiga. Alinisimamisha sebuleni mbele ya wadogo zangu, chemli inawaka mezani, akanipa ile karatasi niisome kwa sauti, nikaisoma yote mpaka pale chini palipoandikwa "wako", na mdogo wangu wa mwisho akacheka kwa sababu hakuelewa. Toka siku ile nikiona mvulana anakuja njiani navuka upande wa pili. Na Rosa naye kumbe alikuwa anawakimbia.

Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, kazaliwa Ukerewe 1944, riwaya ikatoka 1971, piga hesabu mwenyewe, kijana hata thelathini hajafika, hajawahi kuwa msichana hata siku moja. Mimi naamini aliziangalia nyumba za watu kwa muda mrefu bila kugeuza macho, basi. Ila Rosa aliishia kubaya na mimi sikuishia kule, kwa hiyo labda alichokijua ni ile hofu tu, mimi hakunijua. Sijui. Nilipokirudia nikiwa tayari nimezaa ndo nikakumbuka kitu, mikono ya baba ilikuwa inatetemeka wakati ananipa ile karatasi. Miaka yote nilidhani ni hasira.

Jana usiku nimepita koridoni nikaona mwanga wa simu chini ya mlango wa binti yangu. Ukazimika ghafla. Nikasimama pale muda, sikugonga.