Sinema imekuwa ya wenye nazo

Jamani, sinema imepanda bei! Wikendi hii nimeipeleka familia, na tiketi peke yake zilinifanya nikohoe. Bado bisi na soda, na hapo ndipo wanapokukamua hasa. Sababu naijua: sehemu kubwa ya pesa ya tiketi, hasa wiki za mwanzo, inakwenda kwa wasambazaji wa filamu, kwa hiyo ukumbi unajitafutia faida kwenye kaunta ya vitafunwa. Mimi naelewa, mfuko wangu ndio hauelewi.

Nimezikumbuka zile kumbi za bei chee, zilizokuwa zikionyesha filamu miezi kadhaa baada ya kutoka. Viti vimechanika, sponji inachungulia, mkanda umekwaruzika hadi mistari inashuka kwenye skrini kama mvua. Ukikatika, taa zinawashwa, watu wanapiga miluzi mpaka fundi auunganishe. Na hakuna aliyedai arudishiwe hela! Hata filamu mbovu haikuuma, maana hukulipa cha kukuumiza.

Kumbi hizo ziliishi kwa subira za watu. Zamani filamu kubwa ilikaa sinema karibu miezi 3 kabla ya kuuzwa majumbani. Tangu 2020 nyingine zinafika mtandaoni ndani ya wiki chache tu. Nani tena atasubiri? Mwanangu kaniuliza kwa nini tusingengoja itoke tukaiangalie sebuleni. Nikamwambia anyamaze kwanza nimalize bisi zangu, nimezilipia.