Siku moja maishani mwangu: kumrudisha barabarani aliyepata ajali

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naanza na gari. Upepo wa tairi hupimwa zikiwa bado baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Kisha naikaza jeki ndani ya buti. Ikilegea hugonga kwenye tuta, na mlio huo wa chuma unatosha kumtetemesha mtu aliyewahi kugongwa kwa nyuma. Breki zikilia, gari linakwenda kwa fundi kwanza.

Saa moja hadi saa tatu sifundishi. Waiyaki Way, hapa Nairobi, imefungana, bodaboda zinapenya kushoto na kulia, na mtu akizidiwa hana pa kuegesha. Nawapigia simu wanafunzi wa leo. Sidadisi ajali ilikuwaje. Nauliza kinachomshtua sasa. Honi? Lori ubavuni? Kusimama kwenye taa? Kila kitu anakipa alama ya hofu, sufuri hadi kumi, nasi tunaanza na chenye tatu au nne. Kama mwezi umeshapita na bado anaota ajali, halali, na tukio linamrudia mchana kweupe, namwomba amwone kwanza daktari au mshauri nasaha anayejua kiwewe. Dawa pia nauliza: diazepamu huleta usingizi na kuuchelewesha mguu kwenye breki.

Saa tatu na nusu tuko Kileleshwa, barabara za ndani. Injini inawaka lakini gari limesimama. Tunarekebisha kiti, vioo, na egemeo la kichwa mpaka lilingane na utosi. Pumzi inavutwa kwa hesabu ya nne, inatolewa kwa hesabu ya sita. Halafu tunazunguka njia ileile, tena na tena.

"Dada, sasa ni ngapi?"

"Saba, mwalimu."

Hapo wengi huomba kushuka, na hapo ndipo ninaposhikilia. Akishuka kwenye saba, mwili unaamini kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa, na safari ijayo hofu itamngoja mlangoni. Kwa hiyo tunaegesha pembeni, tunabaki ndani, tunapumua, tunaendelea polepole mpaka ifike tatu. Hofu isiyokimbiwa huchoka yenyewe, ingawa haina haraka.

Macho yangu yako kwenye kinga za siri, yale anayoyafanya kimyakimya ili ajione salama: vidole vilivyokaza usukani, redio aliyoizima, mguu wa abiria unaokanyaga breki isiyokuwepo. Inayonitia wasiwasi zaidi ni ya aliyegongwa nyuma, asiyeacha kutazama kioo cha ndani. Huyo ndiye atakayemparamia wa mbele. Kwenye foleni namfundisha asimame akiziona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami, ili abaki na nafasi ya kuchepuka. Mguu ukae kwenye breki, taa za breki ziwake. Atazame kioo mpaka wa nyuma asimame, kisha macho yarudi mbele.

Saa sita mchana tunaingia Mombasa Road kwa ajili ya malori. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hula karibu mita 14 kila sekunde, hivyo nafasi ya sekunde mbili ni mita 28 hivi. Mvua ikinyesha, sekunde nne. Usipoviona vioo vya pembeni vya lori, dereva wake hakuoni. Mwenye hofu huogopa kuongeza mwendo, akaganda ubavuni mwa lori, mahali pabaya kuliko pote. Abaki nyuma, au apite amalize.

Saa nane ni zamu ya wanaoogopa wakiwa abiria, kwa matatu. Kanuni za 2004 za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilidai mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, lakini mkanda ujaribu kabla ya kuketi; mibovu ni mingi. Tunapanda stegi mbili tu, macho wazi, mikono mapajani, bila kung'ang'ania kiti cha mbele.

Saa moja usiku, kwa waliofika ngazi hiyo, tunaendesha gizani. Taa za anayekuja zikikupofusha, fuata ukingo wa kushoto wa leni yako na ulegeze mguu kidogo kwenye mafuta, usikanyage breki ghafla.

Nikirudi naandika alama za kila mmoja: alipoanza, alipofika juu kabisa, alipomalizia. Aliyeanza na tatu au chini yake kwenye njia ya leo, wiki ijayo nampeleka Ngong Road saa nne asubuhi. Aliyeanza juu ya hapo anarudi Kileleshwa.