Blanketi la viraka kabla ya baridi ya Julai

Jamani, lile boksi la vipande vya vitenge hatimaye linapungua! Mafundi cherehani wa Majengo hapa Dodoma hunipa mabaki, nami huyakata miraba ya inchi 5 na kuyapanga kwa rangi. Sasa nayaunga.

Mshono ukichukua robo inchi kila upande, mraba unabaki inchi 4 na nusu. Kwa hiyo safu 12 za miraba 10 zinatoa blanketi la inchi 45 kwa 54, saizi nzuri ya mtoto. Kazi yenyewe iko kwenye pasi: mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia, ya pili kushoto. Safu zikikutana mishono inashikana, pembe zinakaa sawa kabisa. Naipenda hatua hii kuliko hata kuchagua rangi.

Vitenge vinavyochuja navifua kabla ya kukata, maana kipande kidogo ukikifua kinafumuka pembeni. Katikati naweka blanketi kuukuu jembamba, chini kitambaa cha marekani (pamba nyeupe ya kawaida), kisha napitisha mshono kwenye tabaka zote tatu zisihame.

Hili ni la mtoto wa dada yangu. Usiku wa Juni na Julai huku si mchezo. Zimebaki safu mbili. Mwenye mabaki ya bluu anitafute, tafadhali.